Ndege ya Joash, na Baba Mkwe Ndani Yake

Mtu akikuambia kuna mwanaume anayeweza kukaa tangu asubuhi hadi saa ya chakula akipaka rangi kitu kidogo kuliko chawa, usibishane naye. Mwambie unamjua, anaitwa Joash, ni fundi wa mabango hapa Migori. Mimi ni jirani yake. Mimi nina saluni, yeye ana kibanda, na kati yetu kuna mabati tu. Kupitia hayo mabati nimesikia mengi, ila kelele ya kazi bado naisubiri.

Nilimpa bango la saluni anichoree. Akachora mwanamke mzuri, nywele zimesukwa, shingo ndefu, midomo inang'aa, jicho moja. La pili akasema atalimalizia la kwanza likikauka. Wueh! Huyo mwanamke ana jicho moja mpaka leo, na wateja wanadhani anawakonyeza. Jamaa wa duka la dawa za mifugo naye aliagiza ng'ombe, akapata nusu ng'ombe, miguu ya nyuma haijafika. Ukienda kumuuliza Joash, hata kichwa hainui. Anakujibu tu, "Mama Valentine, nakuja. Namalizia kitu kidogo."

Kitu kidogo! Hicho kitu kidogo ni ndege za plastiki, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi, mtu anaziunganisha kwa gundi. Boksi la kwanza alilipata kwenye mitumba ya Isebania, limechanganywa na viatu vya watoto, na siku hiyo ndiyo tulimpoteza. Mtu mwenye akili zake angeunganisha, akapaka mabawa, akaining'iniza dirishani watoto waone, basi. Joash hana haja na mabawa. Shida yake ni mle ndani anamokaa rubani. Anataka kila kitu kilicho kwenye ndege ya kweli kiwepo: dashibodi na mita zake zote, kila mita na mshale wake, swichi nyekundu za hatari, mikanda ya kiti na bizimu zake. Na hiyo dashibodi yote, ukiipima, inatosha juu ya ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Vifaa vyake anavipata wapi? Kwangu, wapi tena. Rangi nyekundu ya kucha ni swichi. Nyeupe ni namba. Ile isiyo na rangi anadondosha tone juu ya kila mita, ikikauka inakuwa kioo. Brashi yake ni unywele mmoja wa wivu, zile nywele bandia ninazosukia wateja, ameubana kwenye kijiti cha meno. Anajibandika jichoni ile lenzi ya mafundi wa saa, anavuta pumzi, anaizuia, anagusa, ndipo anapumua. Mteja wangu akipiga chafya upande huu wa mabati, upande ule unasikia "Aaah!", ujue mshale umeenda kombo na siku imeharibika.

Sasa sikia kioja. Akishamaliza mita zote hizo, anachukua kifuniko cha plastiki nyeusi ya kung'aa, anakifunika juu, anakigandisha kwa gundi. Kwisha. Mle ndani ni giza, huoni mita, huoni swichi, huoni chochote. Siku moja nilishindwa kunyamaza nikamuuliza, "Joash, sasa hizo mita nani ataziona?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini amevaa chupi. "Mimi najua ziko," akasema.

Sitaki kumnyima haki yake. Kuna mara moja alinipa ile lenzi kabla hajafunika, akasema nitazame. Nilitazama. Ndugu zangu, niliona mita zimepangwa mistari, na ndani ya kila mita namba, na kando ya kiti onyo la hatari limeandikwa kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani kuzisoma. Nikasahau kupumua. Halafu nikakumbuka bango langu, nikamrudishia lenzi yake kwa hasira, kwa sababu mtu mwenye mikono kama hiyo hana ruhusa ya kuniachia mwanamke mwenye chongo mlangoni.

Lakini mimi ni jirani, ninaweza kuvumilia. Aliyekuwa na kesi ni Dorine.

Dorine ni msusi wangu, mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuajiri. Kwao ni Homa Bay, njia ya kwenda Kabunde. Alikuwa ameishi na Joash miaka sita bila barua wala mbuzi. Kwa Wajaluo hilo lina jina na lina adhabu. Kuna kitu kinaitwa ayie, ni kile mwanaume anachompelekea mama wa msichana ili yule mama aseme amekubali. Kabla ya hapo, mama mkwe hawezi kukanyaga nyumba ya binti yake. Hawezi kunywa hata maji. Kwa hivyo mama yake Dorine, mama aliyemzaa, alikuwa akija mpaka stendi ya Rongo na samaki wake kwenye karai, Dorine anaenda kumpokea pale, wanakaa kwenye ubao wa muuza chai wanazungumza, halafu kila mtu anapanda gari lake. Dorine alikuwa akirudi kutoka Rongo hasemi na mtu. Aliniambia siku moja, mikono yake ikiwa kichwani mwa mteja, "Mama Valentine, nataka tu mama aje kwangu, nimpikie, ale, alale. Ni kitu kikubwa hicho?"

Si kikubwa. Lakini kila akimwambia Joash, jibu ni lile lile: "Nikimaliza hii." Akimaliza hiyo, kuna nyingine. Hata mjomba wake mwenyewe Joash alipofariki kule Awendo, hakufika mazishini, kwa sababu alikuwa amepaka kiti cha rubani na akiacha vumbi litaingia. Rangi haijakauka! Wajomba waliposikia hivyo walinawa mikono, wakasema akitaka kuoa atafute wazee mahali pengine.

Basi baba yake Dorine, Jaduong' yaani Mzee Zadock, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa presha na msimamo, akachoka. Akamwita binti yake nyumbani. Ujumbe aliomtumia Joash ulikuwa mfupi: aje Jumapili, aje na watu, aje na ayie ya mama. Asipokuja, au akija na mambo yake ya kitoto, Dorine harudi Migori. Dorine alifunga nguo zake nikimwona. Alinishika mkono akasema, "Mwambie asiniaibishe. Hiyo tu."

Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti ambayo hata wauza miwa wa ng'ambo ya barabara waliisikia. Na nitakuwa muungwana, nikubali kwamba Joash alishtuka. Alinunua mbuzi. Alinunua blanketi zito la mama, sukari, unga wa ngano, akatia pesa ya ayie kwenye bahasha safi. Wajomba kwa kuwa walimkataa, akamwomba Mirumbe awe msemaji. Mirumbe ni Mkuria, anauza rangi karibu na soko, ana gari lake la Probox na mdomo usiochoka. Mkuria akamsemee Mjaluo kwa Wajaluo, na Mkisii mimi nimebeba sukari! Nikasema hewala, bora Dorine arudi.

Kumbe Joash alikuwa na lake moyoni. Alijua kwamba Jaduong' Zadock, zamani, kuna mheshimiwa alikuja kwenye harambee na helikopta, akampa lifti ya dakika chache, akamkalisha mbele kabisa kando ya rubani. Tangu siku hiyo mzee hajawahi kutua. Ukimwambia mvua imenyesha, anakuambia mvua ikionekana kutoka juu inafananaje. Joash akawaza, na akiwaza huyu ni hasara: nitamfanya baba mkwe kuwa rubani. Akachukua ndege kubwa kuliko zote alizonazo, urefu wa mkono mzima, akajifungia. Nilisikia kimya cha ajabu upande wa pili wa mabati. Rangi zangu za kucha ziliisha, nikanyamaza, nikidhani anamalizia ng'ombe wa watu.

Jumapili tukaondoka. Ndege aliipakata miguuni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na kila Mirumbe akikanyaga tuta, Joash anapiga kelele kuliko mbuzi. Nilimwomba nione. Akakataa, akasema ni ya macho ya mzee kwanza.

Tulipokelewa vizuri, lazima niseme. Viti chini ya turubai, soda, harufu ya kuku kutoka jikoni. Mzee Zadock alikuwa ndani ya suti yake nyeusi ya kanisani. Mama yake Dorine alikaa kwa wanawake, mwembamba, mikono imetulia mapajani, macho yake hayatoki kwenye mfuko niliobeba mimi, ule wenye bahasha. Nilimwonea huruma. Dorine alikuwa jikoni kama desturi, nikaona tu kilemba chake kikipita mlangoni.

Kwa vile sisi wageni tulikuwa mchanganyiko, mazungumzo yakaenda kwa Kiswahili. Mirumbe akasimama, akajisafisha koo. "Wazee wetu, mama zetu, tumekuja kwa amani. Tumesikia kwenye boma hili kuna ua."

"Mmesikia leo?" akadakia Mourine, waya kama Wajaluo wanavyomwita shangazi, dada yake mzee Zadock, mwanamke wa kifua na sauti. "Hilo ua mmelinusa miaka sita. Mlikuwa mnakuja kwa magoti?"

Watu wakacheka, Mirumbe akacheka, akaomba msamaha kwa niaba ya barabara, ya mvua, na ya ukoo mzima wa Joash. Mambo yakawa matamu. Mbuzi akaonyeshwa, akasifiwa. Blanketi likafunguliwa, wanawake wakalipapasa. Mimi nikatoa bahasha, nikaiweka mezani mbele ya mama. Ilibaki aiguse tu, aseme neno moja, ayie, tule kuku turudi na Dorine wetu. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Ndipo Joash akasimama.

Bwana harusi hasimami! Bwana harusi siku hiyo ni mzigo, anakaa, anainamisha kichwa, anasemewa. Mirumbe alimvuta koti, akamponyoka. Akaenda kwenye gari, akarudi na ile ndege imelala mikononi mwake miwili, imefunikwa kitambaa cheupe, anatembea polepole, hatua kwa hatua, asiitikise. Mzee mmoja pale nyuma akavua kofia, sijui kama mwenyewe alijua kwa nini.

Akaiweka mezani mbele ya mzee Zadock. Akavuta kitambaa, akaanzia upande wa kichwa.

Nisikilize vizuri hapa. Huku kwetu jeneza la heshima linapakwa vanishi ya kahawia ya kung'aa, linapigwa mstari wa dhahabu, ndani linatandikwa kitambaa cheupe, na upande wa kichwa linawekwa kidirisha cha kioo ili watu wapite wamwone marehemu mara ya mwisho. Kila mtu anajua. Mtoto wa nasari anajua. Na pale mezani palikuwa na kitu kirefu cha kahawia cha kung'aa, mstari wa dhahabu ubavuni, na chini ya kioo, juu ya kitambaa cheupe, amelala mzee Zadock. Ukubwa wa kidole gumba, lakini ni yeye: kipara chake, masharubu yake, suti yake nyeusi ya kanisani ambayo Joash aliinakili kutoka picha ya simu ya Dorine. Kiti kilikuwa kimelazwa nyuma ili kichwa kisiguse kifuniko. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika mikanda ya usalama, imekunjwa juu ya kifua.

Mabawa yalikuwepo, ndiyo. Nani ataangalia mabawa?

"Jaduong'," Joash akasema, uso unang'aa, "nimekuweka mahali pako."

Waya Mourine aliangalia mara moja. Akaweka mikono kichwani. "Uuuwi!" akapiga ukunga, ule wenyewe wa msiba, ule unaovuka mto. "Uuuwi! Yawa! Wametuletea ndugu yangu amekufa!"

Na wanawake wengine wakaitikia, kwa sababu ukunga hauachwi upweke. Haikuchukua muda majirani wakaanza kumiminika kutoka kila upande wa boma, mwingine na jembe, mwingine na sabuni usoni, wanauliza ni nani, ni lini, aliugua nini. Jirani mmoja, huyo alikuwa mwepesi, alifika akiwa ameshabeba viti viwili kichwani. Alipomwona marehemu ameketi na soda mkononi, alikasirika kabisa, kama ametapeliwa.

Mzee Zadock alikuwa mweupe midomo. Akainua mkono watu wanyamaze. "Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Siamini mambo ya giza." Jasho lilikuwa linamshuka mpaka kwenye kola. "Siamini hata kidogo. Lakini hicho kioo, kijana. Hicho kioo umekitoa wapi?"

Ee Mungu, ungempa huyu mtu uwongo, siku hiyo moja tu! Lakini Joash ukimuuliza habari za kazi yake hawezi kudanganya, anaona ni sifa. "Cha boksi kilikuwa na ufa, Jaduong'. Hiki nimekipata kwa fundi wa majeneza pale Migori, alibakisha kipande. Nikakilainisha kwa moto. Na vanishi ni yake pia. Ni kitu safi, haipauki."

Waya Mourine akaanza tena kutoka mwanzo.

Mzee akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Joash. Mimi bado ninapumua. Nitoe humo."

Ombi ni rahisi hilo. Mtoto angelielewa. Unachukua kitu, unakivunja, unamtoa mzee, unaomba radhi, watu wanacheka, mama anachukua bahasha. Mirumbe alikuwa ameshaanza kutafuta utani wa kufunika aibu. Mimi nilikuwa na chupa ya asetoni kwenye mkoba, ile ya kutolea rangi ya kucha, nikamsukumia. "Mwaga hii, itayeyusha gundi."

"Itayeyusha dashibodi!" akasema, akaisukuma chupa mbali kama ni nyoka. "Jaduong', gundi hii haifunguki hivi hivi. Nikilazimisha, mita zinakufa. Nipe nafasi kidogo."

Akatoa wembe mfukoni. Akatoa lenzi, akaibandika jichoni. Akainama, akaanza kukwangua ukingo wa kioo, taratibu, anapuliza, anakwangua, anapuliza. Mbele ya wakwe! Ukoo mzima umesimama, majirani na majembe yao, mzee anafuta jasho, kuku anapoa jikoni, na mume mtarajiwa anakwangua. Nilimfinya mgongoni. Akaniambia nisimtikise. Muda ulipita, nawaambia, soda zikaisha, jua likahama, kivuli cha turubai kikatuacha, mzee akaletewa maji na kidonge chake cha presha, mama akawa anampepea kwa kifuniko cha kikapu. Wembe ulikuwa umekwenda upana wa punje ya mchele.

Dorine akatoka jikoni. Desturi inasema akae ndani mpaka aitwe, lakini alitoka, mikono ina unga, akasimama mbele ya meza.

"Joash. Vunja."

"Nipe dakika kumi."

"Vunja, Joash. Baba anaumwa."

"Dorine, wewe hujui mle ndani kuna nini." Hakuinua kichwa. "Hujui. Mita peke yake nimezirudia mara ngapi. Hujui kuna nini."

"Najua," Dorine akasema. "Kuna baba yangu."

Akaichukua ile ndege mikononi mwake. Hakuitupa, hakupiga kelele. Aliipiga mara moja kwenye ukingo wa meza, kama mtu anavyopasua yai, ikapasuka katikati. Akaingiza vidole, akamtoa yule mzee mdogo, akampuliza vumbi, akamweka kwenye kiganja cha baba yake.

Ungeona uso wa Jaduong' Zadock ukirudi rangi yake! Alimtazama yule mtu mdogo, akamgeuza, akamtazama tena. Akaona kipara. Akaona masharubu, na kofia ndogo ya rubani iliyokuwa imefichwa chini ya mkono. Akaanza kutabasamu bila kupenda. "Kumbe alinifanya rubani," akasema. Akamtia kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga. "Mourine, nyamaza sasa, nimetua salama."

Watu wakaangua kicheko, kile kinachotoka mtu akiokoka. Mirumbe akairukia nafasi kama paka, akasema Wakuria wamezoea kuleta ng'ombe na huyu amewashinda wote, amemleta baba mkwe mwenyewe. Hata waya Mourine alifuta machozi akicheka. Mama akasogea mezani. Niliona mkono wake uko juu ya bahasha, na machozi yako tayari, na nikajua ameshaanza kuhesabu nguo za kufunga aje Migori. Nilifurahi, sitaficha. Nilisema moyoni, Joash, una bahati kuliko akili.

Mzee akajisafisha koo, akarudi kwenye heshima yake. "Dorine, mwanangu. Mambo yameonekana, makosa yameonekana, mimi sina kinyongo. Kabla mama yako hajagusa, tunakuuliza wewe mbele ya watu. Tupokee?"

Wote tukageuka kumtafuta Joash, asimame kando yake.

Joash alikuwa chini. Amepiga magoti kwenye nyasi, paji la uso karibu liguse udongo, lenzi jichoni, anapekua majani moja moja. Kwenye kiganja cha kushoto alikuwa na vitu ambavyo mimi niliviona kama uchafu. Mirumbe akamsukuma kwa kiatu, polepole, watu wasione. "Msikanyage hapo!" Joash akapiga kelele. "Tafadhali, msikanyage hapo!"

Watu walirudi nyuma. Hawakucheka.

Dorine alimtazama. Mimi nilikuwa karibu naye, niliona kila kitu usoni mwake: alisubiri. Hata pale, baada ya yote, alimpa muda. Kama angeinua kichwa tu. Nilitaka kumrukia yule mtu nimnyanyue kwa masikio, na mpaka leo najilaumu kwa adabu yangu. Alikuwa anapuliza jani.

"Baba," Dorine akasema, "msipokee. Nimechoka kusubiri mtu amalize."

Mama yake aliuondoa mkono kwenye bahasha. Aliuondoa taratibu, akaurudisha pajani, akaushika na ule mwingine. Yule mama ndiye aliyenitoa machozi, si mwingine, nililia pale pale na sukari ya watu iko miguuni pangu.

Ayie ikikataliwa, kila kitu kinarudi. Mzee Zadock alitusindikiza mpaka kwenye gari kwa heshima zote, akanishika mkono, akasema, "Nyar Kisii, binti wa Kisii, endeni salama." Yule rubani alibaki mfukoni mwake. Blanketi likakunjwa tena, mbuzi akarudishwa buti, unga, sukari, bahasha. Joash tulimnyanyua mimi na Mirumbe, mmoja kila upande, tukamweka kiti cha mbele. Alitaka aachwe kidogo tu, kulikuwa na sehemu ya nyasi hajaimaliza.

Tukashika njia ya Rodi. Mirumbe, Mirumbe yule wa mdomo, aliendesha macho yakiwa barabarani tu. Mimi nilikaa nyuma na mbuzi akinipumulia shingoni, nikiwaza nani atasuka wateja wangu kesho, halafu nikajionea aibu kwa kuwaza hivyo. Joash alikuwa ametandika karatasi ya shashi mapajani, anapanga vile vipande vyake: mita huku, swichi kule, mikanda katikati.

"Karibu zote nimezipata," akasema baadaye, mchangamfu kabisa. Akaigeuza shingo, akaangalia nyuma kwangu, akaangalia mbuzi, akaangalia kiti kilichokuwa wazi kando yangu. "Kwani Dorine anakuja na gari gani?"